Nani Amelipwa? Somo la Majilio juu ya Zawadi Tunazonunua

Maandiko ya kusoma nyumbani kabla ya kukutana kwenye vikundi: Kumbukumbu la Torati 24:14-15; Walawi 19:35-36; Yakobo 5:1-4.



Somo hili tunalianza kwa kurekebisha tangazo letu wenyewe. Krismasi iliyopita sisi wa kamati ya zawadi tulisimama mbele ya kanisa tukasema kwamba bangili na vijisanduku walivyopewa watoto wa shule ya Jumapili vimetengenezwa na akina mama maskini, na kwamba fedha yote imewafikia wao. Mkatupigia makofi. Vitu vile tulivinunua katika duka la hisani hapa mjini, haya maduka ambayo wengi wetu tunayaita "chariti" tu, na kwa kuwa duka ni la hisani tukadhani kila kilichomo ndani yake kimenunuliwa kwa haki. Baada ya ibada kijana mmoja aligeuza bangili akatuonyesha lebo. Palikuwa na bei na nchi ilikotengenezwa, basi. Hapakuwa na jina la kikundi, wala nembo, wala neno lolote juu ya mikono iliyoitengeneza.

Tulirudi dukani kuuliza. Mama mmoja aliyekuwa kaunta, mtu wa kujitolea, alitujibu kwa upole kwamba vitu vile vipya huletwa na muuzaji wa jumla, na faida yake husaidia kazi ya shirika lao. Duka halikutudanganya. Hakuna mahali lilipoandika yale tuliyoyasema sisi madhabahuni. Tuliyaongeza wenyewe, kwa sababu yalipendeza kusikika.

Tunaomba radhi kwa hilo. Na kwa kuwa orodha za zawadi zimeanza kuandikwa tena wiki hii, tumeona afadhali tujifunze pamoja jambo ambalo tulipaswa kulijua kabla ya kushika kipaza sauti.

Rafu tatu katika duka moja

Ukiingia duka la hisani hapa Uingereza, unakutana na bidhaa za aina tatu zilizochanganyika, na kila aina inafanya wema wa namna yake.

Kwanza ni vitu vilivyotolewa na watu: nguo, vitabu, vyombo, midoli, mikoba. Hivi ndivyo vilivyoanzisha maduka haya. Oxfam ilianza mwaka 1942 mjini Oxford kama kamati ya watu waliotaka chakula kiruhusiwe kuwafikia wenye njaa Ugiriki wakati wa vita. Walipopewa vitu vingi kuliko walivyoweza kusafirisha, wakaanza kuviuza, na mwishoni mwa miaka ya 1940 wakafungua duka la kudumu katika mtaa wa Broad Street, ambalo bado lipo. Unaponunua kitu cha rafu hii, fedha yako inakwenda kwa shirika: kwa wagonjwa wa saratani, kwa wasio na makazi, kwa hospisi, kutegemea jina lililoandikwa juu ya mlango. Aliyeshona gauni lile alilipwa zamani, vizuri au vibaya, na ununuzi wako haubadilishi hilo. Lakini pia huagizi gauni jipya lishonwe.

Pili ni vitu vipya vilivyonunuliwa kwa jumla ili viuzwe kwa faida, kama zile bangili zetu. Kadi za Krismasi, mishumaa, soksi, karatasi za kufungia zawadi. Vingine ni vizuri, vingine vya kawaida sana. Hapa pia faida ni ya shirika. Kuhusu mfanyakazi wa kiwandani, kama lebo haisemi, hujui.

Tatu ni bidhaa za biashara ya haki. Hizi ndizo peke yake ambazo mtengenezaji au mkulima ndiye sababu ya kuwepo kwake rafuni. Maduka mengine ya hisani yana rafu nzima ya namna hii, mengine hayana hata moja.

Kwa hiyo neno "hisani" lililo mlangoni linakuambia faida inakwenda wapi, na nembo ya biashara ya haki inakuambia bidhaa ilinunuliwaje. Ni maswali mawili tofauti. Sisi tulijibu swali la pili kwa jibu la lile la kwanza.

Nembo zenyewe

Biashara hii ya haki haikuanzia kwenye maduka makubwa. Mwaka 1946 mama mmoja Mmenoni wa Marekani, Edna Ruth Byler, alikwenda Puerto Rico, akakutana na wanawake wenye ufundi mkubwa wa kutarizi ambao hawakuwa na soko. Akabeba kazi zao, akawa anawauzia majirani na watu wa makanisa akitumia gari lake. Kutoka hapo ndipo yalipotokea maduka ya Ten Thousand Villages. Hapa Uingereza, Traidcraft ilianzishwa na Wakristo mwaka 1979 kaskazini mashariki mwa nchi, na kwa miaka mingi makanisa ya wenyeji yalikuwa na meza yake baada ya ibada: chai, kahawa, sukari, vikapu. Wale tuliofika zamani tunaikumbuka meza hiyo. Baadhi yetu ndiko tulikokunywa kahawa yetu ya kwanza katika nchi hii. Kampuni ile ilishindwa kuendelea mwanzoni mwa 2023. Tunalitaja hilo kwa sababu wako wanaodhani biashara ya namna hii ni njia ya kuwatajirisha wajanja.

Nembo ya Fairtrade, ile nyeusi yenye buluu na kijani kama mtu aliyeinua mkono juu, ni jambo jingine kidogo. Chanzo chake ni nembo ya Max Havelaar iliyowekwa kwenye kahawa ya Mexico huko Uholanzi mwaka 1988. Hapa Uingereza shirika la Fairtrade Foundation liliundwa 1992, Christian Aid, CAFOD, Oxfam na Traidcraft zikiwa miongoni mwa waanzilishi wake, na bidhaa za kwanza zenye nembo zikaingia madukani 1994. Nembo hii utaikuta kwenye kahawa, chai, kakao, sukari, ndizi, pamba, maua. Waridi nyingi zenye nembo hiyo zimetoka Kenya.

Hutaikuta kwenye kikapu. Wala kwenye kinyago, wala kwenye bakuli la mawe ya Kisii. Watu wengi wanaitafuta huko na wasipoiona wanadhani kikapu si cha haki. Kazi za mikono zinafuata njia nyingine: anayekaguliwa ni shirika linalozinunua na kuziuza, na jina la kulitafuta ni WFTO, muungano wa dunia wa mashirika ya biashara ya haki ulioanza 1989. Katika nchi hii kuna pia mtandao wa maduka na waagizaji uitwao BAFTS. Usipoona jina lolote kati ya hayo, muulize mwenye duka swali dogo: kikundi kilichotengeneza kinaitwaje na kiko wapi? Anayenunua kwa haki mara nyingi hulijibu kwa furaha, hata anakuonyesha picha. Anayejibu "Afrika" tu, amekuambia vya kutosha.

Kabla jua halijatua

Hapa tunaomba tukae kidogo.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, sheria inamzungumzia kibarua maskini, awe ndugu wa Israeli au mgeni anayeishi katika nchi yao. Inaagiza alipwe siku ileile, jua lisitue kabla hajapata ujira wake, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeuelekea ujira huo. Haizungumzii kiasi peke yake. Inazungumzia wakati.

Sisi hili tunalielewa bila mwalimu. Wangapi hapa wanafanya kazi za ajenti, kwenye nyumba za wazee, kwenye maghala, kufagia ofisi alfajiri? Wangapi tumejaza karatasi za saa, tukasubiri Ijumaa, Ijumaa ikafika tukaambiwa karatasi haikusainiwa, subiri wiki ijayo? Kodi ya nyumba haisubiri wiki ijayo. Mtu anakopa kwa jirani, anaongopa kwa mwenye nyumba, anazima simu. Fedha ikija hatimaye, kiasi ni kilekile kilichoandikwa, lakini nusu imeshaliwa na madeni ya kusubiri.

Sasa mfikirie mama anayesuka vikapu Ukambani au mchongaji wa mawe kule Tabaka, Kisii. Mnunuzi wa kawaida anaagiza vipande mia tano. Katani au mawe ananunua nani? Msukaji. Akikopa, riba ni yake. Bidhaa zinasafiri majini wiki nyingi, zinakaguliwa, na malipo yanaweza kuchelewa zaidi. Kanuni za WFTO zinagusa hapo hasa: kwa kazi za mikono, mnunuzi akiombwa anatakiwa kutoa angalau asilimia 50 ya malipo mapema, bila riba. Nusu hiyo ndiyo inayonunua katani na unga wa nyumbani wakati kazi inaendelea. Mtu mwingine akisikia "biashara ya haki" anafikiria bei ya juu tu. Anayeishi kwa kibarua ataona kwamba malipo ya mapema ni mkombozi mkubwa hata kama bei ingebaki palepale.

Yakobo 5:4 inasema nini juu ya ujira uliozuiwa? Someni pamoja, kisha kila mmoja aeleze mara moja tu aliyocheleweshewa malipo. Msitaje majina ya waajiri, tafadhali. Tunajifunza, hatufungui kesi.

Kahawa ya nyumbani

Kuna dada yetu mmoja anayetoka Kilimanjaro ambaye kila anapoona pakiti ya kahawa ya Tanzania dukani hucheka kwa uchungu. Nyumbani kwao mibuni ndiyo iliyolipa ada za shule. Halafu ikafika miaka ya 2001 na 2002, bei ya kahawa duniani ikaanguka chini ya senti 50 za dola kwa ratili, yaani karibu nusu kilo, na wakulima wengi mlimani wakaitelekeza kahawa. Wengine wakang'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya. Kwa wakati huohuo, chama kilichofanikiwa kuuza kwa masharti ya Fairtrade kilihesabiwa dola 1.21 kwa ratili, pamoja na nyongeza ya senti 5 kwa ajili ya maendeleo. KNCU, chama kikuu kilichoanzishwa 1933, ni miongoni mwa vyama vilivyouza sehemu ya kahawa yao kwa mfumo huo. Sehemu tu. Chama kinaweza kukubaliwa na bado kisipate wanunuzi wa kahawa yake yote kwa masharti hayo, kwa sababu wanywaji hatutoshi.

Tangu 2023 bei ya chini kabisa ya Fairtrade kwa kahawa ya arabika iliyooshwa ni dola 1.80 kwa ratili, karibu dola 4 kwa kilo, na nyongeza ya senti 20 kwa ratili ambayo wanachama wenyewe huamua itumikeje: zahanati, darasa, miche mipya. Tuwe wakweli hapa, maana tumeshachoka kutangaza tusiyoyajua. Bei hiyo huhesabiwa kahawa ikiwa bandarini tayari kusafirishwa, na hulipwa chama, si mkulima mlangoni kwake. Kati ya bandari na mlango kuna gharama, kuna makato, na kwenye vyama vingine kuna viongozi ambao wazee wetu nyumbani wanawajua vizuri kuliko sisi. Tena soko likipanda juu ya bei hiyo, kama lilivyopanda sana 2024 na 2025, bei ya chini haina kazi. Chama hulipwa bei ya soko. Ni kama mwavuli. Siku ya jua unaweza kuudharau.

Ndugu zetu wa Kivu wana habari nyingine ya kahawa, nzito zaidi. Katika miaka ya vita, wakulima wa upande wa Kongo wa ziwa walivusha kahawa yao usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, kwa kuwa kwao hapakuwa na mnunuzi wa kutegemewa. Wengi walizama. Wapo wanaokaa viti vya nyuma kanisani kwetu waliopoteza watu katika ziwa hilo. Baadaye vyama kama SOPACDI, pande za Minova, vilianza kuosha kahawa vyenyewe na kuiuza nje moja kwa moja chini ya nembo ya Fairtrade, na imewahi kufika madukani hapa Uingereza. Mkulima akiwa na mahali pa kuuzia mchana, havuki ziwa usiku. Pakiti moja ya kahawa haimalizi vita, na hakuna anayesema hivyo.

(Msibebe kahawa hiyo kurudi nayo Moshi ndani ya begi la kilo 23, jamani. Kuna mmoja wetu alifanya hivyo, na mama yake akamwuliza kama amerogwa.)

"Lakini ni ghali"

Tulipolijaribu somo hili kwenye kikundi cha Alhamisi, baba mmoja alisema wazi: mnatufundisha kununua ghali wakati mwezi huu wengine wamechagua kati ya kupasha joto nyumba na kutuma fedha ya hospitali nyumbani. Alisema kweli, na hatukuwa na jibu la haraka.

Tulichokubaliana ni hiki. Maandiko tuliyosoma yanamkabili kwanza mwenye mizani na mwenye shamba. Mama anayenunua kidogo alichoweza hahesabiwi pamoja nao. Asiye na pauni ya ziada asibebeshwe hatia kwenye duka. Isitoshe, rafu ya kwanza ipo. Kitabu cha watoto kwa pauni moja, kisafi, ni zawadi nzuri. Seti ya vikombe vya chai ambayo haijawahi kutumika, ikiwa kwenye boksi lake, tumeiona kwa pauni 4. Midoli iangalieni kama ina alama ya usalama na kama vipande vyote vipo. Fumbo la vipande mia likikosa kimoja linaleta kilio siku ya Krismasi.

Wengine wetu tunaona aibu kumpa mtu mtumba kama zawadi. Aibu hiyo inashangaza kidogo, maana sote tumelelewa na Gikomba na Karume, na shati la ibada ya kwanza la wengi wetu lilitoka kwenye belo. Ndiyo, nyingi za nguo zisizouzika kwenye maduka haya huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara wa mitumba, na sehemu yake huishia kwenye masoko yetu. Inawezekana kabisa gauni uliloliacha rafuni Novemba dada yako akalipata Dar es Salaam mwaka ujao. Shida ni kuuficha: kuondoa lebo, kufunga kwa karatasi ya dhahabu, na kuacha mtu aamini umelinunua jipya. Sema tu. "Nimekipata chariti, nikakukumbuka." Mtu mzima atafurahi, na kama hafurahii, mwakani mpe soksi.

Kuna pia zile kadi za mbuzi. Unalipia mbuzi kwa ajili ya familia mahali fulani, halafu shangazi yako anapokea kadi yenye picha. Kwa Waingereza ni jambo la kawaida na la kupendeza. Kwa watu wetu, tahadhari: shangazi mmoja kule Bujumbura alisubiri miezi miwili kuuliza mbuzi wake amefungiwa wapi. Someni pia maandishi madogo, kwani mara nyingi yanasema fedha itatumika katika mpango mzima wa aina hiyo ya kazi, si lazima mbuzi yuleyule. Hakuna ubaya, mradi mnajua mnachotoa.

Na jambo moja rahisi ambalo wengi hawalitumii: ukipeleka vitu vyako duka la hisani na wewe unalipa kodi ya mapato hapa, uliza kuhusu Gift Aid. Unajaza fomu mara moja, vitu vyako vinauzwa kwa niaba yako, na kwa kila pauni 1 iliyopatikana ukaiacha kwao, shirika linapata senti 25 zaidi kutoka serikalini, bila wewe kuongeza chochote. Wale mnaokatwa kodi kwenye mshahara, mnaweza.

Mwaka huu

Kamati imeamua hivi kwa zawadi za shule ya Jumapili. Vitabu na michezo vitatoka kwenye rafu ya vitu vilivyotolewa, na tutawaambia wazazi hivyo. Kila mtoto atapata chokoleti yenye nembo, ndogo kuliko ile ya mwaka jana, kwa sababu bajeti ni ileile. Chai na kahawa ya baada ya ibada itakuwa ya Fairtrade kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio. Tofauti ya bei tumeihesabu na mhazini, na kamati ya chai imekubali kupunguza biskuti.

Alhamisi tukikutana, kila mmoja alete kitu kimoja kutoka jikoni kwake au kabatini kwake, chochote, na tutasoma pamoja kilichoandikwa nyuma. Kijana wa ile bangili amekubali kusoma kila lebo kabla tangazo la Krismasi halijaandikwa, na amepewa ruhusa ya kufuta.